Nyasi za Mitole ni bure, ng'ombe ana kalenda yake

Na Mwandishi Wetu

Ufuta ukishauzwa, fedha hutafuta pa kukaa. Katika Mitole, kata iliyo bara ya pwani ya Kilwa, mahali penyewe panajulikana tangu zamani: mabati, pikipiki, genge, mahari, au deni la msimu uliopita. Siku hizi mkulima mwenye akiba anaweza pia kununua ng'ombe wa kulisha nyasi za shambani kwake bila kuvuka mto Rufiji kuwafuata, jambo ambalo kwa baba yake lilikuwa ndoto. Nyasi zipo, mvua ya kutosha ipo, na nyama pwani haijawahi kukosa mlaji. Kwa mtazamo wa haraka hii ni biashara isiyohitaji hata kalamu.

Kalamu ndiyo inayohitajika kwanza. Fedha ya ufuta huingia mkononi Juni na Julai, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kununua ng'ombe wa nyasi.

Sababu ni nyepesi. Mvua za Kilwa huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Mei. Mnyama anayeuzwa Juni ametoka kula miezi sita mfululizo. Amenona, ngozi inang'aa, na anayemuuza anaujua uzito wake. Kuanzia hapo nyasi hukauka. Zile ndefu za pori la miombo hugeuka mabua, na protini yake hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vikikosa, havina tena nguvu ya kusaga chakula. Tumbo linajaa lakini mwili unapungua. Julai hadi Oktoba huja na moto pia, na usiku mmoja wa moto unaweza kumaliza hata yale mabua.

Chukua mfano wa maksai wa kilo 240 aliyenunuliwa Julai. Akipungua asilimia 12 hadi mwisho wa Novemba, kiasi ambacho si cha ajabu kwa zebu wa kawaida katika kiangazi, atabaki na kilo 211. Mvua zikishika na akaongezeka gramu 300 kwa siku, atahitaji siku 97 hivi kuurudia uzito alionunuliwa nao. Maana yake ni kwamba mwenye mali amelipa mchungaji, dawa na chumvi tangu Julai hadi Machi ili kumrudisha ng'ombe pale pale alipokuwa. Mtaji umelala miezi minane bila kuzaa senti.

Sasa mchukue maksai mwingine, mwembamba, wa kilo 200, aliyenunuliwa mwishoni mwa Novemba wakati wenye mifugo wanauza kwa sababu malisho yamekwisha na watoto wanakaribia kurudi shule. Kwa gramu zile zile 300, siku 180 kuanzia Desemba mosi zinamfikisha kilo 254 mwisho wa Mei. Zebu wa nyasi hutoa nyama ya machinjio karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kutoka kilo 100 za nyama amefikia 127, ongezeko la kilo 27. Msomaji na aweke bei ya wiki yake: kwa kila 1,000/- ya bei ya jumla ya kilo ya nyama, ongezeko hilo ni 27,000/- kwa ng'ombe mmoja, bila kuhesabu tofauti ya bei kati ya ng'ombe aliyekonda wa Novemba na aliyenona wa Mei. Mara nyingi tofauti hiyo ndiyo yenye faida kubwa kuliko kilo zenyewe.

Ndiyo kusema fedha inayokwenda sambamba na nyasi ni ya korosho, ambayo minada yake huanza Oktoba. Mwenye fedha ya ufuta hana budi kuisubirisha, na kusubiri kwa fedha taslimu ndani ya nyumba ya watu wengi ni kazi ngumu kuliko kuchunga. Wengine huona heri waigeuze ng'ombe mapema ili isiliwe. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini gharama yake ni hiyo iliyokwisha kuonyeshwa. Bora fedha hiyo ikae benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, na sehemu yake ijenge zizi, ifyeke mkuza wa moto kuzunguka shamba, na ilipe vibarua wa kukata nyasi Mei kabla hazijawa mabua, zikaushwe na kufungwa marobota. Hei ya Mei hugeuka fedha Novemba.

Ikumbukwe kwamba uwanda huu ni mgeni kwa ng'ombe. Hadi miaka ya 1990 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye ng'ombe wachache kabisa nchini, wala si kwa kukosa majani. Tatizo lilikuwa mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, na ugonjwa wa nagana anaouambukiza. Hali ilibadilika mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, Mbarali, na maelfu ya ng'ombe wao kuelekezwa kusini, Kilwa ikiwa mojawapo ya wilaya zilizopokea. Usangu yenyewe iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Wenyeji na wageni wamegombana mara nyingi tangu wakati huo, na baadhi ya ugomvi umemwaga damu. Lakini kwa upande wa soko, kilichotokea ni kwamba mzigo uliokuwa ukipatikana mbali sasa unatembea kwa miguu ndani ya wilaya.

Mbung'o hakuondoka kwa sababu ng'ombe wamefika. Upande wa magharibi Kilwa imepakana na pori kubwa lililokuwa Selous, ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na nzi hawana mpaka. Unguja waliweza kumfuta kabisa: kati ya 1994 na 1997 waliachia madume zaidi ya milioni 8 yaliyohasiwa kwa mionzi, yaliyozalishwa Tanga, na mbung'o wa mwisho kunaswa alikuwa wa mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa. Aliyeuawa kule hakuwa na jirani wa kuja kushika nafasi yake. Mitole haina bahari pande zote nne, kwa hiyo mfugaji wake lazima amweke mbung'o katika orodha ya gharama za kila msimu, kama mwenye duka anavyoweka kodi ya pango.

Uzito wa gharama hiyo uonekane katika hesabu ile ile. Ng'ombe mmoja akifa mwanzoni mwa msimu, zimepotea kilo 100 za nyama zilizokwisha kulipiwa. Ongezeko la kila mwenzake ni kilo 27. Basi kifo kimoja kinafuta kazi ya karibu ng'ombe wanne. Katika kundi la 12, vifo vitatu vinatosha kumfanya mwenye mali ajute kwa nini hakununua pikipiki.

Dawa zipo mbili kubwa, nazo zimetumika tangu miaka ya 1950 na 1960. Berenil hutibu mnyama aliyekwisha kuugua na nguvu yake mwilini ni ya muda mfupi. Samorin humkinga kwa miezi miwili hadi minne hivi, kutegemea wingi wa mbung'o na kipimo alichopewa. Kwa anayefuga Desemba hadi Mei tu, sindano mbili za kinga zinaweza kufunika msimu mzima, na hapo kalenda fupi inaonyesha faida yake ya pili. Mwenye ng'ombe wa mwaka mzima hana mwisho wa kuchoma sindano. Kuna dawa ya kumwagia mgongoni inayoua mbung'o na kupe kwa pamoja, na mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi iliyopakwa dawa hupunguza nzi kando ya maji na kwenye vichaka.

Tatizo la dawa ni kipimo. Wanaochoma kwa kukadiria huchoma kidogo, kwa kubana matumizi, na vimelea vinavyosalimika hujifunza kuishi na dawa. Wanaonunua ng'ombe kwa kukadiria nao huumia vivyo hivyo, kwa kuwa dalali wa mnadani amekadiria ng'ombe maelfu na mkulima amekadiria wawili. Tiba ya yote mawili ni utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 140 na urefu wa 110 ana kilo 199 hivi. Si sawa na mizani, lakini dalali akisema kilo 250, utepe utakuwa umekwisha kumjibu.

Jambo lingine la dawa linahusu mlaji. Nyama ya mnyama aliyechomwa Berenil au Samorin haifai kuliwa hadi zipite wiki tatu hadi nne. Anayetaka kuuza mwisho wa Mei ahakikishe sindano ya mwisho imeingia si baada ya Aprili.

Yupo atakayesema kwamba wenye mitaji mikubwa wangeifanya kazi hii vizuri zaidi. Walijaribu. Ranchi ya Mkwaja, pwani ya kaskazini kati ya Pangani na Saadani, ilianzishwa miaka ya 1950 kwenye eneo la kilometa za mraba 462, ikiwa na maelfu ya ng'ombe, wataalamu na dawa za kutosha. Ilifungwa mwaka 2000. Nagana iligharimu fedha kila mwaka, na malisho nayo yalimezwa na migunga, kwa sababu ng'ombe wengi wakila nyasi mahali pale pale, miti midogo hupata nafasi ya kutawala. Leo eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwenye ekari 30 ana nafuu moja ambayo Mkwaja haikuwa nayo: vichaka vyake anaweza kuving'oa kwa jembe na panga kabla havijawa msitu, na kundi lake linaondoka lote Mei, hivyo shamba linapumzika.

Ekari 30 ni hekta 12. Ng'ombe wa wastani wa kilo 230 hula kwa siku nyasi zenye ukavu sawa na asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani karibu tani moja kwa miezi sita. Nyasi za shamba hazitakiwi kuliwa zaidi ya nusu, zikiliwa zote zitakufa na migunga itashukuru. Kwa mvua za Kilwa, ng'ombe mmoja kwa hekta ni kipimo cha tahadhari kwa msimu wa mvua, na hapo ndipo inapotoka ile namba ya ng'ombe 12. Ukitaka kuwaweka mwaka mzima kwenye ardhi hiyo hiyo, namba inashuka hadi sita au chini yake, na mchungaji wa ng'ombe sita hapunguzi mshahara.

Ng'ombe wanunuliwe wapi? Mnada wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, una wanyama wengi na wa kila aina, lakini aliyekulia nyanda kavu za kati akiletwa Kilwa atakutana na kupe na mbung'o asiowajua, na ndigana kali humwondoa upesi. Aliyezaliwa na kukulia ndani ya wilaya, hata akiwa mdogo na mwenye nundu isiyovutia, amekwisha kufaulu mtihani. Mkoa jirani wa Mtwara ulipata fundisho mwaka 2009, wakati sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, ilipoingia Newala na Tandahimba. Uchunguzi wa wataalamu ulifuatilia chanzo hadi kwenye mbuzi walionunuliwa Pugu. Mbuzi wachache wa bei nafuu waliua mifugo ya watu ambao hawakuwa hata na habari ya ununuzi huo.

Kwa hiyo mnyama mpya atengwe wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake, awe ametoka Pugu au kwa jirani. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo na ya homa ya mapafu ya ng'ombe zimewekwa katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi, Simiyu, Juni 2025, kwa ruzuku ya Serikali. Mwenye mtaji mdogo asiiache ruzuku hiyo impite.

Kuhusu kondoo, maoni ya wengi pwani ni kwamba ni mnyama mpumbavu wa kufia mikononi. Sifa hiyo kondoo wameipata kwa sababu ya minyoo, ambayo kwenye joto na unyevu wa pwani huzaliana mno na kumnyonya mnyama damu hadi ufizi unakuwa mweupe. Lakini kondoo hawafanani. Kati ya 1991 na 1996 watafiti wa mifugo walifuga kwa pamoja kondoo wekundu wa Kimasai na Dorper wenye asili ya Afrika Kusini huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, mahali penye hali ya hewa isiyo mbali na ya Kilwa. Dorper ni mkubwa na anapendeza machoni, lakini wana-kondoo wake walikufa kwa wingi kwa minyoo. Yule mwekundu mdogo alihimili, na kwa hesabu ya nyama inayofika sokoni kutoka kundi zima alimshinda mkubwa kwa mbali. Anayetaka kondoo kwa Mitole atafute mwekundu, wachache, wapite kwenye nyasi fupi zilizoachwa na ng'ombe. Wasitolewe zizini hadi umande ukauke, kwa kuwa minyoo michanga hupanda kwenye majani yenye umande.

Soko la kondoo ni jembamba. Mnunuzi wa pwani akipewa kuchagua huelekea kwa mbuzi. Isipokuwa siku moja katika mwaka.

Idd el Hajj husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni na 2025 mwanzoni mwa Juni. Kwa hesabu ya mwezi, 2026 ni mwishoni mwa Mei, na 2028 ni mwanzoni mwa Mei. Kwa miaka hii michache, basi, sikukuu yenye mahitaji makubwa kuliko zote inakutana na wiki ambazo mnyama wa nyasi yuko kwenye uzito wake bora. Ikifika miaka ya 2030 itakuwa imerudi Aprili na Machi, ng'ombe akiwa bado nusu ya safari, na mpango mzima utahitaji kuandikwa upya. Udhia una masharti ambayo mfanyabiashara hana budi kuyajua: ng'ombe awe na miaka miwili, mbuzi mwaka mmoja, kondoo anakubalika kuanzia miezi sita, kiwete, chongo na aliyekonda mno hawafai. Ng'ombe mmoja huchangiwa na watu hadi saba. Mwenye maksai sita anaweza kukusanya majina ya wachangiaji 42 katika Kivinje, Masoko na Nangurukuru kuanzia Aprili, akachukua malipo ya awali, na dalali asionje chochote.

Kuna mwiba mmoja ambao hauonekani katika hesabu ya kilo. Miezi ya kunenepesha ndiyo miezi ambayo ufuta uko shambani. Ng'ombe 12 wakivunja zizi usiku wa Machi na kuingia kwenye ekari mbili za jirani, fidia inaweza kuzidi faida ya kundi zima, na hiyo ni kama jirani atakubali mambo yaishie kwenye fidia. Kwa hiyo ua wa miti hai upandwe mwaka mmoja kabla ya ng'ombe kufika, na ardhi yenyewe iwe na karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia Halmashauri ya Kijiji. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi kimekwisha kuonyesha wapi ni malisho na wapi ni kilimo, na asiyeuliza kabla ya kununua ng'ombe ataulizwa baadaye.

Anayelenga Dar es Salaam badala ya soko la wilaya aongeze kibali cha kusafirisha mifugo, ushuru, gari, na uzito unaopotea njiani. Safari ni kama kilometa 300 kutoka Nangurukuru, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hakuna tena kulala kivukoni Ndundu. Lakini Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa magari ya kusini yalikwama pande zote mbili. Ilikuwa imebaki kama wiki sita kufika Idd. Ng'ombe aliyesimama ndani ya lori hali nyasi, na mnunuzi wa Dar ana machaguo mengine kutoka Dodoma na Morogoro. Wachangiaji saba wa Kivinje hawana Somanga ya kuvuka.